Sungura Aliyeomba Turubai

Profesa Honoré Mbusa alikuwa na kozi moja tu ya kujivunia, Fasihi ya Kiingereza Baada ya Ukoloni, naye aliipenda kama mzee anavyolipenda jino lake la mwisho. Katika taasisi yake pale Masisi, mashariki mwa Kongo, kozi hiyo ilikuwa na wanafunzi wanane. Sita walijiandikisha ili wapate Kiingereza cha kuombea kazi kwenye mashirika ya misaada, na habari za ukoloni walizivumilia tu.

Jumatatu moja Directeur Noël, mkuu wa taasisi, akamwita ofisini.

"Prof, hii kozi yako inasaidiaka nani? Ijumaa comité itakaa. Ulete kitu ya kuonesha, ao tunaiondoa, tunaweka Anglais ya ONG, Kiingereza ya mashirika."

Honoré alitoka kwa hasira na, tuseme ukweli, kwa woga zaidi. Akaapa kutafuta hadithi ya kale ambayo mkono wa mzungu haujaigusa, aitafsiri kwa Kiingereza, aiweke mbele ya kamati. Na angeipata wapi kama si kwa Mama Adrienne wa Nyamitaba, ambaye akianza kusimulia hata wachungaji husahau ng'ombe?

Jumatano alipanda pikipiki pamoja na mwanafunzi wake Elodie, wakaelekea vilimani Nyamitaba. Msomi ni msomi: alining'iniza kitambulisho shingoni, akashika daftari na kalamu mbili. Hapo ndipo alipoharibu. Katika vilima vile, mtu wa namna hiyo hajaja kusikiliza hadithi, amekuja kuandikisha watu wa msaada. Kabla hajashuka vizuri, foleni mlangoni kwa Mama Adrienne ilishafika hadi zizi la ng'ombe, na mama mmoja alikuwa akiazima mtoto wa jirani.

Alipoombwa hadithi ya kale, Mama Adrienne alikaza kitenge chake, akaanza.

"Zamani za kale, Sungura alikuwa na bantu kumi na moja mu nyumba. Batano ni batoto bado badogo. Muke wake iko na mimba. Chui akakuja, akabafukuza. Sungura akakimbia bila sufuria, bila turubai. Andika turubai, Papa."

Honoré aliandika turubai, kisha akashtuka.

"Mama, Sungura anafanya nini na turubai?"

"Si mvua inanyesha, Papa?"

"Nataka ile ya kweli! Ile mama ya mama yako alikuwa anakuambia."

"Ule mama ya mama alikuwa anaiambia Padri, anatia Bikira Maria ndani. Mwenye plantation akikuja, Sungura analipa kodi, tena anaimba. Hadisi inaangaliaka nani iko na kalamu. Hiyo njo ya kweli."

"Prof," Elodie akasema, "hii njo kozi yetu yote!"

Honoré akafunga daftari. Miaka kumi na minne alikuwa akiyasaka maneno hayo vitabuni. Akavua kitambulisho, akaeleza kila kitu: hana shirika, hana turubai, ana kozi moja tu, na Directeur anataka kuifuta Ijumaa.

"Kumbe vulnérable wa kusaidiwa njo wewe!" Mama Adrienne akapiga makofi. Foleni nzima ikamwonea huruma, na mtu mmoja akamletea kipande cha jibini. Kisha Mama Adrienne akamtungia hadithi yake mwenyewe. Sungura ni mwalimu. Tembo ni mkubwa wa shule, mnene, mjinga, anayefuta masomo kwa sababu hayaliwi, na mwishowe anatumbukia chooni. Watu walicheka hadi machozi. Honoré aliandika yote, akamwalika mama aje Ijumaa, na Alhamisi akaitafsiri kwa Kiingereza, choo na vyote.

Ijumaa Directeur Noël alikaa mbele, tumbo likiwa limeegemea meza, nakala ya Kiingereza mikononi. Aliifunua akiitikia kwa kichwa kama mtu anayejua Kiingereza. Honoré akasimama kuisomea kamati kwa Kiswahili, na hapo ndipo akili ilipomrudia: alikuwa karibu kumsomea Tembo habari za Tembo.

"Zamani za kale," akaanza, macho juu ya karatasi na maneno kutoka hewani, "palikuwa na Tembo mwenye hekima kuliko wanyama wote."

Uongo ukishaanza hauna breki. Tembo akawa mzuri wa sura. Choo kikawa kiti cha enzi. Sungura akapiga magoti, na Tembo akatamka kwamba masomo yabaki.

Directeur Noël alifuta machozi. "Bankambo betu ba zamani balikuwa na akili! Kozi inabakia!" Akatoa muhuri, akaugonga kwenye kila ukurasa wa nakala yake ya Kiingereza.

Honoré alikaa, akiwa na furaha na aibu kwa pamoja. Alikuwa amefundisha sana jinsi wanyonge wanavyowabembeleza wakubwa, lakini hakujua kwamba kupiga magoti ni rahisi hivyo. Mama Adrienne akaja kutoka nyuma ya chumba, akamwinamia sikioni.

"Papa Prof, choo umeitupa wapi?"

"Iko mu Kiingereza, Mama. Amepiga muhuri juu yake."

Mama Adrienne akaiangalia ile nakala mezani, kisha akamwangalia Directeur aliyekuwa bado anatabasamu.

"Niko na bajukuu babili," alisema. "Ubafundishe hiyo Kiingereza kuanzia Jumatatu."