Onyesho la Mtoni

Hayat binti Muzammil hakuwa mwongo wa mazoea. Majirani zake wa Majengo, Thika, walimjua kama msichana ambaye akiazima sufuria huirudisha siku hiyo hiyo, tena imesuguliwa. Uongo alioutunga mwaka wa tisini na nane ulikuwa mkubwa wa kwanza maishani mwake, na aliutunga kwa lugha ambayo haina kabila wala nchi.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo kilichokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Rafiki yake Maggie, waliyesoma naye sekondari, alikuwa na duka la kuazimisha kanda za video huko Ruiru. Jumamosi moja Maggie alimtolea kanda iliyorekodiwa nyumbani kwa mtu, haina hata picha kwenye kasha.

"Hii hakuna mtu anaichukua," Maggie alisema. "Watu wanaongea vitu hazieleweki. Lakini wewe unapenda mambo ya ajabu, enda nayo."

Ilikuwa filamu ya watu wanaoishi katika dunia isiyopata jua. Walizungumza lugha yao, Kizoreli, iliyobuniwa kwa ajili ya filamu hiyo tu, na tafsiri ya Kiingereza ilipita chini ya picha. Hayat aliitazama mara tatu wiki hiyo. Hadithi yenyewe haikumshika sana. Kilichomshika ni vitenzi. Mtu akisema jambo aliloliona kwa macho yake, kitenzi kiliishia na -ne. Akisema jambo alilosimuliwa, kiliishia na -lo. Hayat aliligundua hilo mwenyewe, akiwa na daftari magotini na kidole kwenye kitufe cha kurudisha nyuma, akafurahi kama mtu aliyefumania siri.

Mkuu wa chuo, Bwana Muigai, alikuwa ameunganisha kompyuta moja na laini ya simu. Kwenye gazeti la kompyuta lililokuwa limeachwa ofisini mwake, Hayat aliona anwani ya kikundi cha watu waliokuwa wakijifunza Kizoreli kwa barua pepe. Aliomba ruhusa ya kuitumia mashine hiyo darasa likiisha saa kumi, akapewa. Wiki ya pili tayari alikuwa akipokea masomo kutoka kwa watu ambao hajawahi kuwaona: mwalimu wa hesabu wa Kanada, mpishi wa Brazili, dada wawili wa Ufini. Walikuwa arobaini hivi. Walimtumia orodha za maneno na mazoezi, na wakamsahihishia sentensi zake neno kwa neno kwa subira ambayo hakuwahi kuipata shuleni.

Lakini kusahihishwa nako kunachosha. Siku moja alikusudia kuandika kwamba mama yake anapika mchele, akakosea mpangilio, ikawa mchele unampika mama yake. Kikundi kizima kilicheka. Hawakucheka kwa ubaya, na mpishi wa Brazili hata alituma salamu za pole kwa mama. Hayat alisoma barua hizo wanafunzi wawili wakiwa bado wanafungasha vitabu nyuma yake, akahisi masikio yakiwaka kama vile nao walikuwa wakisoma. Tangu siku hiyo akawa na hamu moja tu: awape wale watu kitu ambacho wao hawana.

Kitu walichokuwa hawana ni maneno. Filamu nzima ilikuwa na maneno mia mbili na kidogo, na aliyeyabuni hakuwa akijibu barua. Hayat akaandika kwamba kanda yake, kwa kuwa ilirekodiwa ng'ambo kutoka kwenye televisheni, ilikuwa na onyesho ambalo kanda za dukani hazina. Mwanamke na mumewe wako mtoni, wanaagana. Aliandika kwa Kizoreli na vitenzi vyake vyote viliishia na -ne. Nimeona kwa macho yangu.

Hakukuwa na mto wowote kwenye kanda ile.

Kikundi kiliwaka. Kila mtu alitaka kujua walisema nini pale mtoni, na Hayat, kidogo kidogo kwa wiki tatu, akawapa maneno kumi na moja. Aliyatunga akitembea kwenda kazini. Neno walilolipenda kuliko yote lilikuwa haluvei, aliloeleza kuwa ni mtu anayetangulia mahali ili akungoje. Mwalimu wa Kanada, aliyekuwa mtunza kamusi ya kikundi, aliyaingiza yote na kuandika mbele ya kila moja: kwa hisani ya Hayat, Kenya. Hakuna aliyemcheka tena. Sasa wageni waliojiunga walielekezwa kwake, na yeye akawajibu kama mtu mzima.

Kisha mwanakikundi mmoja, Kaleli, akamwandikia kwa Kiswahili, yeye peke yake, nje ya kikundi.

"Binti, sikujua kuna mtu mwingine wa huku. Mimi niko Ruiru. Nilikuwa fundi wa simu, sasa nimestaafu. Kompyuta alituletea binti yetu Wayua alipotoka masomoni Amerika. Ninajifunza pamoja na mke wangu Syombua. Yeye figo zinamsumbua, tuko hospitali kila wiki. Tukiwa huko tunaongea Kizoreli. Wauguzi Wakikuyu wanadhani ni Kikamba, na yule muuguzi Mkamba anadhani ni Kiarabu. Mama anacheka mpaka anasahau sindano. Neno lako la haluvei amelipenda sana."

Hayat aliisoma akatabasamu, kisha tabasamu likamfia mdomoni. Watu wa Kanada na Brazili walikuwa majina tu kwenye kioo. Huyu alikuwa mzee wa Ruiru, pengine walishapishana mlangoni kwa Maggie. Alijibu kwa adabu, akawaombea afya, akajiambia ataurekebisha uongo wake polepole, neno moja moja, bila mtu kuumia. Hakurekebisha hata moja.

Mwezi wa kumi Kaleli aliandika tena. Syombua alikuwa amefariki. Walimzika shambani kwao Ngoliba, na juu ya kaburi wameweka kibao cha marumaru chenye jina lake, tarehe zake, na chini yake neno moja: haluvei. "Fundi aliniuliza ni lugha gani," aliandika, "nikamwambia ni lugha ya nyumbani kwetu. Asante, mwanangu. Sasa nina ombi moja. Mama alitamani sana kuliona lile onyesho la mtoni, na mimi nilimwahidi. Niambie siku nije Thika nilitazame, hata kwa niaba yake."

Hayat aliizima kompyuta bila kuifunga vizuri. Nyumbani, mama yake, Mwanaharusi, alimwekea chakula, naye Hayat akakitazama tu.

"Unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Kuna mtu amekukosea?"

"Hapana. Ni mimi."

Mwanaharusi alikifunika chakula. "Basi kama ni wewe, unajua mlango wa kubisha," alisema, akaenda zake kuswali.

Hayat hakubisha mlango wowote. Kesho yake alimwandikia Kaleli kwamba kanda, aliyoiazima dukani kwa Maggie pale Ruiru, ililiwa na mashine, ikakatika pale pale penye mto. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo. Mzee alimpa pole, akamwambia asihuzunike, kwamba yeye ameunganisha nyaya za simu miaka thelathini na hashindwi kuunganisha ukanda uliokatika. Kama kanda ilirudi kwa Maggie, ataipitia mwenyewe Jumamosi.

Hayat aliona sasa hana pa kujificha. Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kwenda kwa Maggie kabla ya mzee na kuificha kanda. Alilibeba wazo hilo siku mbili nzima, akipanga atakavyosema, kabla ya kulichukia.

Ijumaa mchana aliomba ruhusa chuoni, akaenda Ruiru, akaulizia kwa mzee Kaleli wa simu. Nyumba ya Kaleli ilikuwa nyuma ya soko, ya mawe, yenye ua wa michongoma. Mzee mwenyewe alimfungulia: mrefu, mwembamba, sweta la kijivu lenye kiraka kiwikoni.

"Habari yako, mzee. Mimi ni Hayat."

Uso wa Kaleli ulifunguka. Akamsalimu kwa Kizoreli, salamu ndefu ile ya mtu anayekaribisha mgeni wa mbali, bila kosa hata moja. Hayat alijua jibu lake. Alilitoa kwa Kiswahili.

"Nimeshakaribia, mzee. Nimekuja na neno baya."

Walikaa. Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ukutani kulikuwa na orodha za maneno zilizoandikwa kwa mkono wa kike, herufi kubwa kwa ajili ya macho mabovu. Hayat aliyaona maneno yake kumi na moja yote, yamepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Ile kanda haikukatika," alisema. "Na hakuna mto. Hakujawahi kuwa na mto. Yale maneno nilitunga mimi."

Kaleli alimtazama kana kwamba bado anangoja sentensi imalizike.

"Yote?"

"Yote kumi na moja."

"Hata lile."

"Hata lile, mzee."

Mzee aliyaondoa macho kwake akayapeleka ukutani. Nje mtu alikuwa akipasua kuni, na kila shoka liliposhuka Hayat alishtuka.

"Ulitunga kwa nini?"

Alikuwa amejiandalia majibu njiani, ya upweke, ya kutaka kusaidia. Yote yalionekana machafu sasa. "Walinicheka," alisema. "Nikataka wanione mtu."

"Walikucheka." Kaleli alitikisa kichwa taratibu. "Syombua alikuwa ananiuliza, huyo mwanamke pale mtoni, sauti yake ilipanda au ilishuka kwenye lile neno? Siku ya mwisho kuongea vizuri aliniuliza hivyo. Nikamwambia, tulia, yule msichana wa Thika ameona kwa macho yake, atatuonyesha."

Hayat alianza kulia, kisha akajizuia kwa nguvu, kwa sababu aliona hana haki ya kumfanya mzee huyu ambembeleze.

"Nisamehe, mzee."

"Sikufukuzi," Kaleli alisema. "Ila leo siwezi kukupikia chai. Utaniwia radhi. Na wale wengine uwaambie mwenyewe. Mimi sitakusemea wala sitakusengenya."

Alimsindikiza mpaka kwenye ua kama desturi inavyotaka, na heshima hiyo ilimuuma Hayat kuliko ambavyo tusi lingemuuma.

Jumatatu alikiandikia kikundi. Alijaribu kwa Kizoreli akashindwa. Aliandika kwa Kiingereza, aya nne, bila kujitetea. Dada mmoja wa Ufini alimwandikia kwamba ameharibu kazi ya mwaka mzima. Mpishi wa Brazili hakuandika kitu, na hakuwahi kumwandikia tena. Mtunza kamusi aliyafuta maneno yote kumi na moja kwa siku moja, akatuma kamusi mpya isiyo na jina la Hayat popote. Mtu mmoja alipendekeza haluvei libakizwe kwa kuwa ni neno zuri. Ndipo Kaleli alipoandika mstari mmoja kwa kikundi kizima: "Lifutwe. Pale Ngoliba litabaki, lakini pale ni shauri langu na mke wangu."

Hayat hakutoka kwenye kikundi, ingawa kila alasiri alitamani kutoka. Aliamini kuwa kuondoka kungekuwa namna nyingine ya kuficha kanda. Alisoma masomo ya wengine, akafanya mazoezi, hakuuliza wala hakujibu. Maggie alipomuuliza mbona haonekani sana Ruiru siku hizi, alisema kazi ni nyingi, kisha akarudi hatua tatu akamweleza ukweli wote pale pale kwenye kaunta ya duka. Maggie alisikiliza, akasema tu, "Haiya," na kumpa kiti.

Miezi minne ilipita. Mwezi wa pili, mwaka wa tisini na tisa, ikaja barua kutoka kwa Kaleli, ya Kiswahili, fupi. Hakuulizia hali wala hakutaja lolote la nyuma. Alikuwa kwenye somo la kumi na nne, haelewi namna Wazoreli wanavyohesabu kupita ishirini, na kwa kuwa wote wawili wako huku, aliona ni rahisi kumuuliza yeye.

Hayat aliiazima kanda kwa Maggie, akaitazama tena toka mwanzo mpaka mwisho, akiandika kila mahali penye hesabu na dakika yake. Zilikuwa sehemu tano. Alizituma zote. Mwisho akaongeza kwamba sehemu ya nne sauti yake ni mbovu, hakusikia vizuri, na hajui.

Jibu lilikuja kesho yake. "Hata mimi pale sijui," Kaleli aliandika. "Tuwaulize wengine."

Hayat alikaa mbele ya kioo, uso bado unawaka kila alipoliona jina lile, akaanza kuandika swali.