Mtumbwi Ulioanikwa

Appolinaire aliuzamisha mtumbwi kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi ile ile aliyompeleka mkewe hospitali Mbarara. Aliupakia mawe mpaka ukatua taratibu kwenye tope la ziwa Nakivale, kando ya mafunjo, maji yakiufunika kiasi cha kufika magotini. Asiyejua angesema mzee amerukwa na akili. Lakini kule Baraka, kwenye ziwa Tanganyika alikozaliwa, hata mtoto anajua kuwa mtumbwi wa mbao usio na kazi haulazwi nchi kavu wakati wa kiangazi. Mbao zikikauka husinyaa, pamba iliyozibia nafasi zake hulegea, na nyufa hufunguka. Zikilala majini huvimba na kubanana zenyewe, bila msumari wala lami.

Mtumbwi haukuwa wake. Ulikuwa wa Kezironi, sajini mstaafu aliyejenga Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, mwenye ng'ombe wachache huko Masha na miguu isiyopenda maji. Kezironi alikuwa na namba, Appolinaire alikuwa na ujuzi. Namba hiyo iliandikwa ubavuni mwa chombo kuonyesha kuwa kimeruhusiwa kuvua, na mwaka huo wa 2012 mwalo wao, ufukwe wanakoshushia samaki, haukuwa na namba mpya hata moja ya kutoa. Kila Julai wakaguzi walikuja. Mtumbwi uliovuja ulifutwa namba papo hapo, ikapewa mtu wa kwanza kwenye foleni. Appolinaire alipokelewa Kabazana, kwenye makazi ya wakimbizi kando ya ziwa, mwaka 2003, akapewa kipande cha ardhi chenye mawe ambacho hata muhogo ulikikataa. Shamba lake hasa lilikuwa ile namba ya mwenzake.

Wengine walitega nyavu, viboko wakazichana, wakarudi kulalamika. Yeye alikokota kijiko nyuma ya mtumbwi, kiwe chambo. Kijiko chenyewe kilitoka jikoni kwa mkewe, Marie, naye hakuombwa ruhusa. Appolinaire alikata mpini, akakigonga juu ya jiwe mpaka kikapinda kidogo, akatoboa matundu mawili, moja la kamba na moja la ndoana. Kila jioni alikisugua kwa majivu, maana samaki hafuati kutu. Kijiko kizuri huyumba, hakizunguki. Kikizunguka, kamba inajisokota na siku imekwisha. Tanganyika aliachia kamba mita sitini na kipande cha risasi. Nakivale ni ziwa la kina kifupi, kwa hiyo aliachia mita ishirini bila uzito, akaifunga kwenye kidole gumba cha mguu, mikono ikabaki na kasia. Sheria ilikuwa moja tu: usisimame. Ukisimama ili uchote maji yaliyoingia chomboni, kijiko kinazama kwenye tope na kunasa. Mkokotaji anahitaji mtumbwi mkavu kuliko mvuvi mwingine yeyote, na ili ukauke ndani, sharti mbao zake zilowe. Mweleze hayo mtu wa ng'ombe, uone atakavyokutazama.

Marie alipasuliwa tumbo, wakakaa hospitali wiki tatu. Kezironi alikuwa mtu mwema, na hilo nalisema mapema kwa sababu hadithi hii ingekuwa rahisi kama angekuwa mbaya. Kila Ijumaa alileta maziwa kutoka Masha, akamsalimu Marie kwa heshima, akakaa kwenye ukingo wa kitanda jirani na kofia mapajani. Ijumaa ya kwanza alisema wasiwe na wasiwasi, yeye mwenyewe angekwenda kuutazama mtumbwi. Appolinaire alishukuru. Akili yake yote ilikuwa kwenye kidonda cha mkewe, wala haikumjia kumwambia kuwa mtumbwi uko chini ya maji.

Waliporudi, aliuona kutoka mbali kabla hajafika mwaloni. Ulikuwa juu ya magogo mawili, umefudikizwa, kijani kibichi kama lori la jeshi, ukimetameta. Kezironi alikuta chombo chake kimezama, akadhani kimepata ajali, moyo ukamuuma. Alilipa watu wanne wakakitoa. Alikikwangua, akakiosha, akakianika, kisha akakunja suruali na kukipaka rangi kwa mkono wake, ndani na nje, mara mbili, na kuiandika namba upya. Alitaka mzee atoke hospitali akute jambo la kumfurahisha. Wavuvi wengine walikuwa wakitazama. Wapo waliosema mali ni yake, na wapo waliokuwa kwenye foleni ya namba, hao hawakusema neno.

Jua la Julai lilikuwa limeupiga kwa siku kumi na moja. Appolinaire alipitisha ukucha kwenye maungio ya mbao. Chini ya rangi, ukucha ulizama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wao walikuwa na nyumba akilini. Zilibaki siku tano wakaguzi waje.

Kezironi alikuwepo siku hiyo, akisubiri kusifiwa. Appolinaire alivua kofia.

"Afande, aksanti mingi kwa kazi. Lakini mbao inatakiwa inywe maji kwanza. Unipe ruhusa niirudishe mu maji siku ine, na mawe yake. Itajifunga yenyewe."

Kezironi alicheka, bila ubaya wowote. "Hapana, mzee. Mimi napaka rangi siku tatu, halafu wewe nataka tia yeye chini ya maji tena? Bunduki hakuna lala ndani ya maji. Boti pia ni namna hiyo."

"Ndiyo, afande," akasema Appolinaire.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, wala si kwenye rangi. Mwaka 1998, wakati wa vita huko kwao Fizi, askari walimuuliza kaka yake jambo, akajibu. Hawakuridhika na jibu. Kaka yake, aliyekuwa na haki na aliyejua kuwa ana haki, akajibu mara ya pili. Appolinaire alimzika kabla ya jua kuzama. Tangu siku hiyo hakumjibu askari mara mbili, hata askari mstaafu, hata askari aliyemletea mkewe maziwa. Kezironi aligeuka kwenda zake Ruti, na viatu vyake vya jeshi vilivyochakaa vikaacha alama mchangani. Appolinaire alibaki akizitazama alama hizo.

Nyumbani Marie, akiwa bado ameshika tumbo, alimwambia la maana kuliko yote yaliyosemwa wiki hiyo. "Enda uizamishe. Yeye iko kule Ruti, atajulia wapi?"

Alikwenda. Alikwenda siku nne mfululizo. Kila siku aliugusa mtumbwi, akafikiri juu ya mawe, akaona akilini vile viatu vya jeshi. Badala ya kuuzamisha alibeba maji kwenye dumu na kuyamimina ndani, nayo yakateleza juu ya rangi. Alishindilia pamba iliyolowekwa mawese pale ukucha ulipozama zaidi. Alijua ni kazi bure, akaifanya kwa uangalifu wote.

Siku ya ukaguzi Kezironi alivaa shati lililopigwa pasi. Mkaguzi aliisifia rangi, kisha akataka mtumbwi utiwe majini na mtu akae ndani robo saa. Appolinaire alikaa. Maji hayakuja kwa fujo. Yaliingia kila mahali kwa wakati mmoja, polepole, yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Mkaguzi alichukua panga, akaikwangua namba pamoja na rangi mpya. Kabla ya mchana namba ilikuwa ya Atuhaire, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Atuhaire, sasa kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza, ndiye aliyemweleza Kezironi kwamba siku nne ndani ya maji zingetosha, na kwamba kila mvuvi analijua hilo. Kezironi alimgeukia Appolinaire. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Mzee," akasema, "wewe najua hii, halafu nasema mara moja tu. Kwa nini hukusema tena? Mimi nafanya wewe nini?"

Appolinaire alivua kofia tena. Angemwambia nini? Kwamba macho yake yalikuwa yameshindwa kumtofautisha na wale wa Fizi? Lingekuwa tusi kwa mtu asiyestahili. Akasema, "Pardon, afande." Kezironi akavaa kofia, akaondoka. Ijumaa iliyofuata maziwa hayakuja.

Mtumbwi waliuacha palepale ulipovujia, umejaa maji hadi ukingoni, kwa kuwa hakuna aliyeuhitaji. Siku ya nne Appolinaire alikwenda na kopo. Aliyachota maji yote, akaufuta kwa kitambaa, akaingia na kukaa kama siku ile ya ukaguzi, kijiko cha Marie kikiwa mfukoni. Robo saa ikapita, kisha saa nzima. Halikuingia hata tone.