Yai Lisilotoa Povu

...na hili yai halitoi povu, halijawahi kutoa povu tangu nilinunue, ndivyo lilivyo, yai la plastiki la ukubwa wa ngumi, ndani punje za udongo zinazogongana chakacha chakacha, unalitia kwenye beseni na nguo, unafikicha, unalianika, kesho unalitumia tena, mwaka mzima bila sabuni hata chembe, sasa hili povu linatoka wapi, limenifika viwikoni, linanukia maua ya dukani, na mimi nimechoka jamani, mgongo umekufa ganzi, kutwa nimesimama kazini, narudi nasimama tena hapa, na mtoto yuko chumbani anajikuna, namsikia, nyuma ya magoti pale pale palipokuwa pameanza kupona, daktari wa ngozi alisema sabuni ya unga mwiko kwa nguo za huyu mtoto, nikatii, nikaleta yai, nikaleta siki ya kutia kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, wiki tatu ngozi ikatulia, akalala bila kuvalishwa soksi mikononi, kisha ghafla ikachubuka upya, na nani mwingine kama si wifi, wifi ndiye aliyekuwa akinisaidia kufua, wifi ndiye aliyeuliza siku ya kwanza, "Hili litataga lini?" tukacheka wote, mama yangu tu hakucheka, aliligeuza geuza mkononi, akaliweka mezani... "Maji yametosha?" mama anauliza kutoka sebuleni, "Yametosha, mama," amenikingia yeye, kila siku nikirudi nakuta beseni limejaa na nguo zimelowekwa, nashukuru, nasema angalau mama ananionea huruma, wifi nilimwambia maneno mabaya, nilimwambia uvivu wako unamchuna mwanangu ngozi, akasema, "Wifi, sijaweka sabuni, naapa sijaweka," nikamwambia hata kiapo chako ni uongo, akafunga begi, mume wangu akambebea dadake begi mpaka barabarani, tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana tu, na mama alikuwepo, alikaa pale pale akikunja soksi za mtoto, akakunja jozi moja, akaikunjua, akaikunja tena, nikadhani ni uzee... siku tisa sasa wifi hayupo, na povu lipo. Mume wangu hagusi beseni, mimi sijaweka, na sweta la mama hili hapa juu ya rundo, mfuko wake umekakamaa, nimeuchokonoa kwa kidole, punje nyeupe, Jumapili niliziona nikadhani sukari, nikamtania, mama unaiba sukari kama mtoto, akacheka kidogo mno, nanusa kidole, maua ya dukani, ee Mungu wangu, mama, miaka thelathini alikuwa dobi wa nyumba ya wageni, shuka za watu asiowajua, mimi nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikimtazama, nguo isiyotoa povu imelowa tu, haijafuliwa, ndivyo alivyoniambia, povu lile ndilo lililonisomesha, leo namletea yai, namwambia basi, pumzika, sabuni haitakiwi tena, atakubalije mjukuu wake avae nguo zilizolowa tu, kwa hiyo anatia sabuni kwa siri, gao moja la kiganja, kwa upendo, na kila anavyotia mtoto anachubuka, na anapomwona anachubuka labda anasema ni uchafu, anaongeza gao la pili... nilitaka kukasirika, siwezi, hasira yote nimeshaimwagia mtu asiye na kosa, haya maji nitayamwaga, nguo nitazisuuza hata mara tano, mama nitamkalisha nimwonyeshe magoti ya mtoto polepole, ataelewa, atalia kidogo, ataelewa, mama ni mama yangu, lakini wifi aliapa, alisimama mlangoni na begi lake akanitazama kama anangoja mtu mmoja tu katika nyumba hii aseme neno, nami nilikuwa nimeshamgeuzia mgongo... "Zinatakata, mwanangu?" sauti yake ina tumaini, anataka niseme ndiyo, mikono yangu bado imo ndani ya maji, yai limeegemea ukingo wa beseni, mtoto bado anajikuna, mdomoni nina neno moja tu na si la mama, nisamehe, wifi.