Jina Mwishoni mwa Wimbo

Mzee Sila wa Mvumi alipoimba wimbo wa kumlilia binti yake Hana, aliyekufa kwa ndui, alimaliza kama wamalizavyo wapiga zeze wa kwetu, kwa kujitaja: "Anayelia ni Sila." Mimi Yotham, karani wa boma la Dodoma, niliuandika neno kwa neno, maana Bwana Shauri, Mjerumani aliyeamua kesi pale bomani, alikuwa akikusanya nyimbo za Wagogo zichapwe kitabu Ujerumani.

Nilipounakili kwa hati safi, kalamu iliandika: "Anayelia ni Yotham." Nasema kalamu, utadhani haikuwa na mkono! Nilitaka tu kuliona jina langu limechapwa. Mzee mwenyewe hajui a wala be, nikajiambia.

Mwaka uliofuata Bwana Shauri alianza kunifundisha sheria ili nimsaidie barazani. Tukafika kwenye haki za watunzi. Alisema kitu alichotunga mtu kwa akili yake ni mali yake, sawa na ng'ombe wake, na anayetia jina lake kwenye kazi ya mwenzake ni mwizi.

"Umeelewa, karani?"

"Nimeelewa, Bwana."

Nilielewa mno. Nililirudia somo bila kukosea, akanisifu, nami nikatamani ardhi inimeze.

Kitabu kilipofika kwa treni, Sila alikuja kwa miguu kutoka Mvumi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisomee. Jina langu limo?"

Niliweka kidole chini ya neno Yotham, nikasoma, "Sila." Mzee alilipapasa lile neno, akacheka huku machozi yakimtoka.

Kuanzia siku hiyo chakula hakikunipanda. Baada ya mavuno nilikwenda Mvumi kumwambia ukweli. Nilimkuta akipiga zeze, watu wamemzunguka, akiimba wimbo uleule. Alipofika mwisho hakujitaja. Aliimba, "Anayeliliwa ni Hana," na vijana wakaitikia hivyohivyo, mara tatu, nne.

"Mbona umeliacha jina lako, baba?" nilimwuliza.

"La nini tena? Langu liko kitabuni, halifutiki. Nafasi yake nimempa mwanangu."

Kisha akanishika mkono mbele ya watu wote, akawaambia, "Huyu ndiye aliyenihifadhia jina." Wakanipigia vigelegele.

"Si kitu, baba," nilijibu.