Mlima Usio na Paa

Kwa miaka kumi na minane Thuwein alifundisha watu kuteleza kwenye theluji, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuukanyaga mlima usio na paa. Mlima wake ulikuwa ndani ya duka kubwa la Dubai, umefungiwa na baridi yake kama samaki kwenye friza, na upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakinunua viatu na kula biriani. Asubuhi aliondoka nyumbani kwake Bur Dubai jasho likimtiririka, akifika kazini akavaa koti zito, glovu na kofia ya sufu, na jioni alirudi kwa mkewe na pua ya baridi.

Alikuwa mwalimu hasa. Alifundisha watoto wa Kirusi, maharusi wa Kihindi waliokuja kula fungate, na vijana wa Kiarabu wasiotaka kuambiwa kitu, na wote aliwafundisha kwa mchanganyiko wa Kiingereza, Kiarabu cha Ghuba na Kiswahili cha kwao Malindi ya Unguja. "Yalla, kunja magoti. Kunja, kunja." Wapo watu wazima leo, huko Moscow na Mumbai, ambao Kiswahili chao chote ni neno hilo moja.

Lalamiko lake lilikuwa moja. "Mlima wetu huu mfupi kama dua ya mwenye njaa," alimwambia Zephania, kijana wa Njombe aliyekuwa akiwagawia wageni viatu na mbao za kutelezea. "Hujamaliza bismillahi, ushafika chini. Mie nataka mteremko ambao miguu yangu itachoka kwanza, ndiyo uishe."

"Sasa si uende, Mwalimu? Milima hapo Georgia, saa chache tu kwa ndege."

"Likizo yangu ina mwenyewe."

Na kweli ilikuwa na mwenyewe. Kwa watu wa kina Thuwein likizo haikuwa ya kutembea; ilikuwa ya kurudi Unguja kumwona mama, kuhani misiba iliyopita na kula harusi zilizopo. Mama alipofariki likizo haikubadili njia. Iliendelea kwenda kulekule, kwa dada zake na kaburini.

Ndipo Kuruthum, mtoto wake wa pekee, alipomaliza chuo na kuajiriwa katika ofisi moja mtaa wa Oud Metha. Alikuwa msichana wa kuamini kwamba jambo jema likipangwa vizuri halikosi kutimia. Siku aliyopewa barua ya kazi alikaa mezani na wazazi wake akatangaza kwamba likizo yake ya kwanza haitakwenda Unguja. Itampeleka baba yake mlimani.

"Theluji mie naiona kwenye friza, inanitosha," mama yake alisema.

"Hutaigusa, mama. Utakaa hotelini unywe chai."

"Chai yao ina maziwa ya nani huko?"

Thuwein alikuwa anakwangua ukoko wa wali kwenye sahani yake, na mkewe akamwona anatabasamu peke yake kama mtu aliyesifiwa mbele za watu.

Kuruthum alitafuta kwa wiki kadhaa, akaipata hoteli moja huko Georgia iliyoandika kwamba inapokea wageni wote, kila mtu kwa uwezo wake. Maneno hayo yalimpendeza kwa sababu yake mwenyewe. Ilikuwa aibu ya nyumba ile kwamba binti wa mwalimu hajawahi kufika chini akiwa wima. Akawaandikia: tutakuwa watatu, mmoja ni bingwa, mmoja huanguka hata kwenye zulia, na wa tatu hatatoka nje. Dada mmoja wa hotelini akamjibu siku ileile. Hakuna tabu, alisema, kila mmoja tuna nafasi yake. Akamtumia ramani ya mlima, njia zimetiwa rangi: kijani kwa wanaoanza, buluu kwa waliozoea kidogo, nyekundu kwa wajuzi. Thuwein aliinamia skrini, akaifuata njia nyekundu kwa kidole mpaka chini, polepole, na alipofika akashusha pumzi.

"Hii ndefu," alisema.

Wakapanga waende Disemba, theluji ikianguka.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Siku moja alipiga goti mbele ya mtoto wa Kirusi amfunge bizimu za kiatu, akashindwa. Akajaribu tena. Mtoto akainama akajifunga mwenyewe, akaondoka zake. "Mwalimu, leo umelalia mkono?" Zephania alimtania, na Thuwein akacheka. Lakini wiki iliyofuata kijiko kilimtoka mkononi, na mguu wa kushoto ukaanza kukokota kandambili.

Walikwenda kliniki iliyokuwa karibu na ofisi ya Kuruthum, na daktari wa hapo, Irshad, alikuwa mpole, mtu wa kuzungumza huku amekuangalia machoni. Aliwaeleza kwamba mishipa inayoamrisha misuli inakufa mmoja mmoja, na misuli isipopata amri hunyauka. Dawa ya kuponya haipo. Ya kuchelewesha ipo, kidogo. Kwa wengine ugonjwa huenda taratibu miaka mingi, kwa wengine una haraka.

"Tuna safari Disemba," Kuruthum alisema.

"Hamwezi kwenda mapema zaidi?"

Ilikuwa Mei. Mjini Dubai theluji ilikuwepo kila siku ya Mungu kuanzia saa nne asubuhi, kwa tiketi, na kule mlimani majani yalikuwa ya kijani na ng'ombe wanachungwa. Kuruthum aliliuliza swali hilohilo hotelini, akijua jibu, na yule dada akamwambia kwa upole kwamba theluji haiagizwi.

Hapo ndipo alipoanza kumshusha baba yake. Hakuliita hivyo, alisema anarekebisha mpango. Juni alimtoa njia nyekundu, akamweka buluu pamoja na mwongozaji. Hakuna tabu, akajibiwa. Julai, miguu ilipokataa ngazi za nyumbani, alimtoa buluu. Dada wa hotelini akamwambia kipo kiti maalumu kilichofungwa juu ya ubao, mtu huteleza amekaa, akijiongoza kwa vifimbo viwili. Agosti mikono haikuweza tena vifimbo. Hakuna tabu, tunacho kiti kingine, huongozwa na mtu kwa nyuma. Kila Kuruthum alipofikiri amefika mwisho, ile hoteli ilikuwa na kipandio kingine chini yake, kimetandikwa vizuri, na mtu mwema amesimama hapo anasema karibu. Mwanzoni alishukuru. Baadaye alianza kuuogopa ule wema, kwa sababu haukuwa na sakafu.

Mwezi wa Septemba Zephania alisema wakajaribu kiti hapohapo Dubai, kazini kwao, kwani ukumbi wa theluji ulikuwa nacho kimoja. Akamwomba ruhusa sir wao, yaani bosi, Mlebanoni, wakaruhusiwa asubuhi kabla wageni hawajaingia. Wafanyakazi wote wakajifanya wana kazi karibu na mteremko. Zephania alimfunga Thuwein mikanda ya kifua na ya miguu, akasimama nyuma akashika mpini.

"Mwalimu, mimi niko hapa. Ukianguka, tumeanguka wote."

"Wewe kwenu Njombe umezoea kusukuma toroli la viazi."

"Na viazi havijawahi kunilalamikia."

"Viazi havina mke anayesubiri. Yalla."

Kuruthum alikuwa amesimama chini, mikono kwapani. Aliwaona wakianza, akasikia sauti ya baba yake, ambayo wakati huo ilikuwa imeanza kuwa nzito, ikigonga paa: "Kunja magoti, Zephania. Kunja." Watu wakacheka. Katikati ya mteremko mkono wa kulia wa Thuwein uliteleza ukatoka kwenye kiti, ukaanguka kwenye theluji. Hakuweza kuurudisha, na hakusema. Ukaburutwa hivyo mpaka chini, ukichora mstari mrefu mweupe juu ya weupe.

Zephania alipoona alipiga goti, akamvua glovu iliyojaa theluji, akamfuta vidole kimoja kimoja kwa fulana yake, akaurudisha mkono mapajani.

"Imekuwa fupi vilevile," Thuwein alisema. Kisha, Kuruthum alipouliza kama warudie, akasema khalas, wasimrudishe tena pale.

Baada ya siku ile Kuruthum alipanga kama mtu anayeziba bomba linalopasuka. Hakulala vizuri, hakula na wenzake ofisini. Alimtoa baba yake kwenye kiti, akamweka kwenye kile kijumba kinachopanda mlima kikining'inia kwenye waya, ambamo mtu hukaa tu na kutazama. Hakuna tabu, mlango wake mpana. Shingo ilipoanza kulegea aliuliza kuhusu chumba chenye dirisha linalotazama mlima. Vipo, na kitanda kinainuka. Mama yake alikuwa ameshanunua masweta kwa Wahindi wa mtaani, makubwa kuliko watu wenyewe, na kila siku aliyakunjua akayakunja upya. Hakuuliza tena habari za chai.

Siku moja yule dada wa Georgia, bila shaka kwa moyo safi, alimpigia Kuruthum simu kumweleza kuwa wageni wasioweza kutoka nje kabisa huletewa theluji chumbani. Huchotwa asubuhi ikiwa mpya, ikaletwa kwenye sinia, mtu akawekewa mkono juu yake.

Kuruthum alishukuru. Akakata simu, akaingia chooni ofisini, akafungua bomba ili watu wasimsikie. Alilia kwa ajili ya lile sinia kuliko alivyolia siku ya daktari.

Novemba Irshad alimpima Thuwein kifua. Akamwambia Kuruthum kwamba mapafu ya baba yake hayatahimili hewa ya ndani ya ndege, na kule juu mlimani hewa ni nyepesi zaidi. Kuruthum alianza kuuliza kama kuna mashine, kama kuna ndege za namna nyingine, kama kwa barabara. Daktari alijibu kila swali kwa utaratibu mpaka yakaisha.

Aliporudi nyumbani ilikuwa baada ya alasiri. Thuwein alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni, mto chini ya kidevu. Alikuwa anazungumza kwa shida sasa, maneno yakitoka yamelowa, na waliomwelewa walikuwa wawili tu humo ndani. Mkewe alikuwa pembeni akimlisha uji.

"Umemwandikia yule dada?" Thuwein aliuliza.

"Bado, baba."

"Irshad kasemaje?"

Kuruthum alitaka kusema jambo lenye matumaini. Alikuwa nalo tayari, alilitunga kwenye metro: kwamba wangoje mwaka ujao, kwamba kuna dawa mpya zinajaribiwa, kwamba watu wengi hushangaza madaktari. Alianza. Baba yake alimwacha aseme lote, kama alivyokuwa akiwaacha wanafunzi waogope kwanza, mpaka likamfia mwenyewe mdomoni.

"Hatwendi," Thuwein alisema.

"Hatwendi, baba. Nisamehe."

"Kwani theluji wewe ndiye uliyeifanya?" Alivuta pumzi, akangoja nyingine ije. "Fungua ile ramani."

"Ya nini tena?"

"Miezi yote hii wewe kazi yako kunishusha. Buluu, kiti, kijumba, kitanda. Leo nipandishe."

Mama yake aliweka bakuli la uji chini. Kuruthum akafungua kompyuta, akaiweka kwenye meza ndogo mbele ya baba yake, akaupanua mlima mpaka ukajaa skrini. Thuwein hakutaka njia nyekundu. Alitaka ile ya juu kabisa, inayoanzia nyuma ya kilele, ambayo Kuruthum hakuwahi hata kusoma jina lake.

"Nani atakwenda na wewe huko?" aliuliza.

"Wewe."

"Mie naanguka, baba."

"Utakuwa umeshajua."

"Na mie?" mkewe akauliza.

"Wewe uko hotelini. Unagombana na mpishi."

"Basi na wanitafutie mpishi wa maana. Sina haja ya kugombana na watoto."

Thuwein akapanga kila kitu, kwa sauti ya kukatika. Waamke mapema, maana jua likipanda theluji hulainika na hushika mbao. Wapande waya wa kwanza, kisha wa pili. Juu wasianze mara moja. Wasimame kwanza, wazoee. Kuruthum aliandika. Alipouliza wabebe nini, baba yake alimwambia maji na tende. Alipouliza watachukua muda gani mpaka chini, alifikiri sana, akasema hajui, hajawahi kushuka kitu kirefu hivyo.

Kisha wakaanza kushuka. Kidole cha Kuruthum kilitembea juu ya skrini, polepole, na kila penye kona alingoja. Njia ilipogawanyika mara ya kwanza Thuwein alisema kulia. Mara ya pili sauti haikutoka. Alitazama kushoto, na Kuruthum akaenda kushoto. Wakapita chini ya miti, wakapita ukingoni mwa bonde. Mama yake alikuwa amesogeza kiti, anatazama naye, kanga kaishika mdomoni.

Njia ikagawanyika tena. Upande mmoja ulirudi kwenye njia za watu wote, mwingine ulizunguka mbali nyuma ya mlima. Kuruthum aliinua macho aone baba yake anatazama wapi. Macho ya Thuwein yalikuwa yamefumba nusu, na mboni zimetulia katikati, hazikwenda huku wala kule. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka kwa taabu yake ya siku zote.

"Wapi, baba?"

Mama akanong'ona, "Kalala huyo. Chagua wewe, mwanangu, mfike chini."

Kuruthum hakuchagua. Alibaki ameshika kidole palepale, juu ya njia panda, akimtazama baba yake usoni, akingoja.