Karata za Saida

Saida alitandika mikeka miwili sebuleni, akachemsha chai ya tangawizi, akaweka juu ya kabati doti ya khanga mpya. Hiyo ndiyo zawadi ya mshindi. Wanawake wanane pamoja naye, jozi nne, mchezo wa karata wa wahedi wa sitini, na hakuna kuwekeana hata senti. Hilo alimwambia kila mmoja mlangoni.

Raundi ya kwanza haijaisha, kaka yake Masoud akaingia bila hodi, na viatu miguuni.

"Shikamoo, kaka."

Masoud hakuitikia. Aliwatazama wageni mmoja mmoja. "Nyumba aliyotuachia baba ndiyo umeifanya kijiwe cha kamari?"

"Kamari ya nini? Nani ameweka pesa hapa?"

"Karata ni karata. Mwanamke mtu mzima, huoni haya?"

Akainama, akazizoa karata zote, pakiti mbili, hata zilizokuwa mikononi mwa watu, akazitia mfukoni mwa kanzu, akaondoka.

Saida alihisi uso unawaka. Kilichomuuma si karata. Ni kuachwa na salamu yake mdomoni mbele ya wageni, katika nyumba anayoifagia na kuipaka chokaa yeye, aliyomuuguza baba ndani yake miaka minne huku Masoud akipiga simu tu kuuliza hali. Na Masoud huyo huyo kila alasiri hushinda nyuma ya soko la samaki akicheza karata mpaka adhana ya magharibi imkute!

Akajitanda mtandio.

"Unakwenda wapi?" jirani yake Mwanvita akauliza.

"Kuzifuata."

Wakatoka wote wanane. Nyuma ya soko walimkuta Masoud kwenye benchi, ndiyo kwanza amemaliza kugawa. Saida alizitambua kwa mbali: zile zile zake, mpya, migongo myekundu.

"Kumbe!" Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Kwangu ni kamari. Huku zimekuwa tasbihi?"

"Saida, usinitie aibu mbele za watu."

"Na mimi ulinikuta mbele ya nani? Mbele ya mbuzi?"

Akanyoosha mkono. Mzee Rajabu, mmoja wa waliokuwa wakicheza na Masoud, alikuwa wa kwanza kurudisha zake, wengine wawili wakafuata. Masoud alizikumbatia kifuani. Saida akazichomoa vidoleni mwake moja moja, mpaka ya mwisho, ree ya shupaza. Pakiti ya pili Masoud akaitoa mwenyewe, macho chini.

Waliporudi nyumbani, mchezo ukaanzwa upya. Saida alicheza vibaya, akili bado iko sokoni, akatupa turufu ovyo. Yeye na mwenzake wakatolewa mapema. Khanga akaondoka nayo Mwanvita na mwenzake, kila mtu upande wake.

Siku ya tatu Shadya, mke wa Masoud, alikuja na ujumbe: mumewe anataka aombwe radhi mbele ya ukoo. Saida alimsikiliza mpaka mwisho.

"Radhi sina, wifi. Ila Jumamosi tunacheza tena, na Habiba, mwenzangu wa karata, anakwenda Chalinze; tumepungukiwa mtu mmoja."

Shadya akatazama mlangoni, kisha akauliza mchezo unaanza saa ngapi.