Daraja la Betri Nne

Ogoti aliweka betri moja kwenye kiganja cha kulia na nyingine kwenye cha kushoto, akafumba macho kama mtu anayelinganisha viazi. Ya kulia ilikuwa nyepesi, ingawa maandishi yake yalijisifu kuliko ya betri zote dukani.

"Hii ina nini ndani?"

"Hiyo wachana nayo, omogaka, mzee wangu," alisema Gibson, ambaye hutengeneza simu na tochi karibu na stendi ya Nyamira. "Ni kuukuu, imevalishwa ganda jipya. Kwani tochi haiwaki?"

"Inawaka. Lakini daraja linakosa kipande katikati."

Gibson alitikisa kichwa. Habari za daraja hilo alikuwa amezisikia. "Uliweka betri gani?"

"Mbili mpya, mbili za zamani. Za zamani zikachoka, nikazianika kwa mabati pamoja na mahindi."

"Ai, mzee! Hiyo ni dawa ya betri za redio. Hizi za kuchaji ukizianika unaziua." Akamtolea nne zinazofanana. "Chukua za aina moja, zimenunuliwa siku moja. Zichaji pamoja, zitumie pamoja, zizeeke pamoja. Ni kama watu wanne wamebeba mgonjwa kwa machela. Mmoja akilegea, mgonjwa yuko chini."

Ogoti alizipokea zile nne. Mke wake Tryphosa alibebwa hivyo na watu wanne mpaka mtoni, chini ya Ekerenyo, na hakuna aliyelegea. Mto ulikuwa umefurika. Alikata roho kwenye nyasi, akiangalia barabara ya lami iliyo ng'ambo. Wakati huo, kwa makaratasi, daraja lilikuwa limeshamalizika. Wakubwa walikuja, wakakata utepe uliofungwa kwenye miti miwili, wakala kuku, wakaenda zao.

Baada ya mazishi, Ogoti alinunua tochi kubwa soko la Daraja Mbili, ya kulinda ng'ombe. Jioni moja ya ukungu aliimulika mtoni, na daraja likawa pale, la saruji, na vyuma vya kushikilia pembeni. Alilipiga teke, kidole kikamuuma wiki nzima. Alipozima, yakabaki maji.

Kwa betri mpya daraja lilikuja zima. Phanice, jirani yake, akawa wa kwanza kulipita na kikapu chake cha majani chai.

"Baba Emily, shika tochi vizuri. Usikohoe nikiwa katikati."

"Tembea, mama. Ningetaka kukuangusha ningekuangusha kwa maneno."

Habari zikamfikia Anyona, mkubwa aliyesimamia ujenzi. Alikuja jioni na gari safi na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilisema liko? Mkaniita mwizi. Washa, mzee wangu, nipigwe picha nikiwa ng'ambo."

Ogoti aliwasha. Anyona akavuka akigonga vyuma kwa pete yake. Kidole cha Ogoti kilikuwa kwenye swichi tangu mtu huyo alipofika katikati. Alimngoja akanyage nchi kavu, si kwa kumhurumia. Hakutaka mto ule uhesabiwe maiti mwingine. Dereva akapiga picha, kisha Ogoti akazima.

"Mzee! Washa nirudi!"

"Niwashe nini, na daraja si umejenga? Pita."

"Wacha mchezo! Mimi ni mtu wa serikali!"

"Na Tryphosa alikuwa mtu wa nani? Sema halijajengwa, nikuwashie."

Anyona alitazama maji, akatazama viatu vyake. "Kwa rekodi liko," alisema.

"Basi rudi kwa rekodi."

Alizunguka kwa miguu, njia ndefu ya matope, na alipofikia gari lake suruali ilikuwa imeloa mpaka magotini. Alimwambia dereva daraja ni imara, ila giza limezidi. Siku chache baadaye ofisi yake ikatangaza kwamba daraja linatumika vizuri na wananchi waje na tochi zao. Picha ikatolewa, Anyona amesimama ng'ambo akicheka. Akapandishwa cheo.

Ogoti alisikia tangazo hilo redioni akichaji betri zake. Hakutukana. Jioni alishuka mtoni kama kawaida, akakuta watu wamepanga foleni na mizigo yao, Phanice mbele.

"Leo hakuna kupita bure," akawaambia. "Kila mtu aseme kwanza, kwa sauti."

"Tuseme nini, Baba Emily?"

"Ile ilimshinda mkubwa kusema."

Phanice alitua kikapu, akafikiri, akaelewa. Akapaaza sauti mpaka wachumaji wa kilima cha pili wakainua vichwa.

"Hapa hakuna daraja!"

"Haya, pita," alisema Ogoti, akawasha.

Phanice akajitwika kikapu na kukanyaga saruji.